MTU MZIMA KURUDI CHUONI: MSAADA WA KARO JINJA NA MBALE

Wakazi wengi waliokatishwa masomo na vita huuliza: je, mtu wa miaka 30 au 40 anaweza kurudi chuoni, na nani atamlipia? Kurudi inawezekana. Msaada wa karo upo, lakini ni mchache na una masharti. Usiuze mbuzi wala mahindi ya watoto kabla ya kusoma karatasi hii.

1. MISAADA NA MIPAKA YAKE

Mkopo wa serikali: Bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mkopo wake ni wa raia wa Uganda tu. Mkimbizi asipoteze nauli kuufuata.

Ufadhili wa DAFI: Hutolewa kupitia UNHCR tangu mwaka 1992, kwa msaada wa serikali ya Ujerumani. Hulipa karo, vitabu na posho kwa shahada ya kwanza. Nafasi ni chache na kuna kikomo cha umri. Tangazo likitoka, soma kwanza sharti la umri.

Chuo chenyewe: Kwa mtu mzima, mara nyingi hapa ndipo pa kuanzia. Uliza kama karo hulipwa kwa awamu, na kama kuna masomo ya jioni au ya mwisho wa wiki ili uweze kufanya kazi.

2. VYETI KWANZA

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inagusa pia suala la kutambuliwa kwa vyeti vya nje. Cheti cha sekondari hupelekwa UNEB kulinganishwa na cha Uganda. Cheti cha chuo hupelekwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Cheti cha Kifaransa kitahitaji tafsiri ya Kiingereza.

Kama vyeti vilipotea, usikate tamaa. Vyuo vikuu vina mtihani maalumu wa kuwaingiza watu wazima. Fundi aliyejifunza kazini, kama mshonaji au mwashi, anaweza kupimwa kwa vitendo na kupewa cheti cha ufundi.

3. JINJA AU MBALE?

Jinja iko kilomita 80 hivi kutoka Kampala. Kuna tawi la Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na vyuo vya ufundi. Mbale ni mbali zaidi, kilomita zaidi ya 200. Huko kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa mwaka 1988 na kinachopokea watu wa dini zote, na kitivo cha afya cha Chuo Kikuu cha Busitema.

Uliza kila chuo: nitahesabiwa mwanafunzi wa nje au wa Afrika Mashariki? Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tofauti ya karo inaweza kuwa kubwa, kwa hiyo omba jibu kwa maandishi. Kisha jumlisha kodi ya chumba, chakula na nauli. Karo peke yake si gharama yote.

4. KABLA YA KUONDOKA

(a) Pata barua ya kukubaliwa na chuo.
(b) Omba kibali cha kutoka kwa Komandanti wa makazi.
(c) Uliza tarehe za uhakiki wa familia. Asiyeonekana kwenye uhakiki anaweza kusimamishiwa huduma.
(d) Acha nakala za vyeti kwa mtu unayemwamini.

5. ONYO

Fomu ya ufadhili wa UNHCR haiuzwi. Anayekuomba pesa ili "akupitishe" ni mwizi, hata kama amevaa kitambulisho. Karo hulipwa benki, kwenye akaunti ya chuo, nawe ubaki na risiti. Asiyetoa risiti, usimpe hata shilingi.

Mwenye swali aje na vyeti alivyonavyo kwenye dawati la elimu. Ushauri ni bure.