Mgao wa Bidhaa Ugogoni

Tangu reli ya kati ilipofika Dodoma mwaka 1910, watu wa uwanda ule mkavu, ambao mvua yake ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, wamekuwa wakiletewa sukari, mafuta ya taa, sabuni na kanga kutoka pwani kwa njia moja ndefu; na shehena hiyo, kabla ya kumfikia mnunuzi wa Mpwapwa, Kondoa au Bahi, hupita mikononi mwa watu wengi, kila mmoja na ghala lake, hesabu yake na tamaa yake. Wengi hudhani kuwa taabu yote ya biashara hii iko njiani. Njia ina sehemu yake ya lawama, nami nitaitaja. Walakini historia ya nchi yetu yatoa ushahidi kwamba taabu iliyo kubwa zaidi hukaa boharini, katika kujua kilichomo, kilichokwisha, na kitakachotakiwa mwezi ujao.

Zama za ukoloni kazi hii ilikuwa ya wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu, waliochukua mali kwa mkopo Dar es Salaam na kuwakopesha wenye maduka madogo ya vijijini. Sitawasifu kupita kiasi, maana mizani za baadhi yao ziliwaliza wengi. Hata hivyo, mwenye duka aliyekaa miaka mingi katika kijiji kimoja alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba Mgogo, mwenyeji wa Dodoma, hununua kanga na blanketi akisha kuuza karanga au ng'ombe, na kwamba katika miezi ya njaa, kabla ya mavuno, haulizi ila nafaka na chumvi. Akaagiza kwa kadiri ya maarifa hayo.

Baada ya Azimio la Arusha, mwezi wa Februari 1967, serikali ilitwaa nyumba kubwa za biashara ya nje, zikiwamo Smith Mackenzie na Dalgety, ikaziunganisha katika Shirika la Biashara la Taifa. Nia ilikuwa njema, lakini tajiri mmoja wa nchi nzima alihitaji daftari ambalo hakuwa nalo: vitu visivyotakiwa vililala maghalani ilhali vinavyotakiwa havionekani, na hesabu za shirika zikachelewa. Mwaka 1973 likavunjwa, na kila mkoa ukapewa kampuni yake ya biashara, ambayo watu waliiita kwa herufi tatu, RTC, chini ya Bodi ya Biashara ya Ndani. Mwaka huohuo chama tawala, TANU, kiliamua makao makuu ya serikali yahamie Dodoma. Watu wa mkoa huo walikuwa wamekwisha kukusanywa katika vijiji kwa Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, na Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ikataka maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, ya ushirika yashike nafasi yake. Yaliyofungwa yalifungwa upesi. Yaliyofunguliwa yalikosa mtaji na watu waliofundishwa kuandika daftari.

Ndipo neno mgao likatawala maisha. Bidhaa ilitoka kiwandani ikaenda RTC, kutoka hapo wilayani, kisha duka la kijiji, na mwisho kwa kila kaya, mara nyingi kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipokauka na viwanda kukosa malighafi, kilichogawiwa kilikuwa kidogo mno. Na kwa kuwa bei na faida viliwekwa na serikali, aliyepeleka mfuko wa sukari kijiji cha mbali aghalabu alipata pungufu ya aliyeuuza mjini kwa mlango wa nyuma.

Hapa pana jambo linalostahili kutazamwa kwa makini. Mnunuzi asiyeamini kwamba sabuni itakuwapo wiki ijayo hununua ya miezi mitatu. Mwenye duka, akiona foleni ile, huomba maradufu. Wilaya huongeza juu ya ombi lake, na mkoa juu ya ombi la wilaya, hata tarakimu inayofika Dar es Salaam haifanani tena na matumizi ya mtu yeyote. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani iligundua jambo hilohilo katika nepi zake: watoto walizitumia kwa kiasi kilekile siku zote, ilhali maagizo ya wauzaji wa jumla yalipanda na kushuka vibaya. Wataalamu waliita hali hiyo athari ya mjeledi, kwa kuwa mtikiso mdogo wa mkono huwa mkubwa nchani.

Msako wa wahujumu uchumi, ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine mwaka 1983, ulifichua mali iliyofichwa, lakini haukuweza kujaza rafu. Wenye maduka waliingiwa na hofu, na wengine wakatupa bidhaa zao usiku. Mwaka 1984 milango ya uagizaji ikaanza kulegezwa, na RTC zikafifia.

Leo Dodoma ni jiji, na wakazi wake wameongezeka kutoka 410,956 mwaka 2012 hadi 765,179 mwaka 2022. Barabara ya lami ya Babati ilizinduliwa 2018. Reli mpya ilianza kuwaleta abiria kutoka Dar es Salaam Julai 2024, na mizigo ikafuata mwaka 2025. Hayo ni mambo makubwa kwa mkoa uliokatiwa reli na mafuriko ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Shehena ikifika upesi, tajiri wa jumla hahitaji kufungia rasilmali yake yote ghalani, wala unga wake hauozi ukisubiri wanunuzi.

Lakini upesi wa njia haumwambii mtu kinachotakiwa dukani. Basi anayefungua tawi la supamaketi Dodoma, huku maagizo yake yote yakipangwa na watu wa Dar es Salaam, namwomba ampe muuzaji wa dukani sauti katika kuagiza, kwa kuwa ndiye anayemwona mteja akitoka mikono mitupu.