Udhibiti wa matoleo ya mafaili makubwa

Udhibiti wa matoleo ya mafaili makubwa ni utaratibu wa kutunza historia ya mafaili mazito ya kompyuta, kama vile picha, ramani, sauti na video, na kuwaarifu wahusika kila yanapobadilishwa. Kazi hiyo hufanywa na programu kama Subversion, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2000, na Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005.

Maandishi na binari

Maandishi hulinganishwa mstari kwa mstari. Mfano ni makala ya Wikipedia kuhusu Mkoa wa Katavi, Tanzania. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 564,604, na ile ya 2022 wakazi 1,152,958. Mhariri akiweka idadi mpya, historia ya ukurasa huonyesha tarakimu zilizoondolewa, zilizowekwa, mhariri na saa.

Ramani ni tofauti. Mwaka 2012 Katavi ilipotengwa na Mkoa wa Rukwa, makao makuu yakiwa Mpanda, ramani zilizoonyesha Mpanda ndani ya Rukwa zilipitwa na wakati. Ramani iliyohifadhiwa kama picha ni faili la binari: kwa kompyuta ni mfululizo wa namba tu. Mpaka ukisogezwa, programu hutambua kwamba faili si lilelile, lakini haijui ni mpaka gani. Watu wawili wakirekebisha nakala mbili kwa wakati mmoja, kazi zao haziunganishwi kama maandishi, na ya mmoja inaweza kupotea.

Kupunguza uzito

Katika Git, anayenakili mradi kwa kawaida hupokea historia yake yote. Picha ya megabaiti 50 yenye matoleo 10 inaweza kumlazimu kupakua karibu megabaiti 500, mzigo mkubwa kwa mtumiaji wa kifurushi cha simu. Git LFS, iliyotangazwa na GitHub mwaka 2015, huweka katika historia kielekezi kidogo chenye ukubwa wa faili na alama yake ya utambulisho. Faili lenyewe hubaki kwenye seva, na hupakuliwa toleo linalohitajika tu. Subversion na Git LFS zina pia kufuli: anayetaka kurekebisha faili hulifunga kwanza, na wengine husubiri alifungue.

Taarifa za mabadiliko

Subversion na Git zinaweza kuendesha skripti inayotuma barua pepe kila badiliko linapopokelewa. Wikipedia ina orodha ya maangalizi. Hata hivyo, picha zake nyingi hutunzwa Wikimedia Commons, iliyoanzishwa mwaka 2004. Anayepakia huko ramani mpya kwa jina lilelile hubadilisha sura ya makala zote zinazoitumia, lakini badiliko huandikwa katika historia ya faili, si ya makala. Kwa hiyo anayefuatilia makala anahitaji kufuatilia pia faili lenyewe kule Commons. Toleo la zamani hubaki huko na linaweza kurudishwa.

Kwa kuwa mashine haielezi kilichobadilika ndani ya picha, maelezo ya mhariri ndiyo hufanya kazi hiyo. Neno "nimesasisha" halimsaidii mkaguzi. "Mpaka kati ya Katavi na Rukwa umeongezwa" humwonyesha mahali pa kutazama.