Pikipiki, Ubao na Upepo wa Kusi

Watoto wa Morogoro mjini wanalijua jambo hili bila kufundishwa: ukiamka asubuhi ya mwezi wa Juni ukaangalia Lupanga, mara nyingi kilele hukioni. Wingu limekikalia. Mjini jua linawaka na vumbi la Msamvu linaruka, lakini kule juu kunanyesha. Lupanga ina mita 2,138 kutoka usawa wa bahari, na kusini yake iko Kimhandu, inayopita mita 2,600. Yote hiyo ni milima ya Uluguru. Sasa niambieni, wanangu: masika yamekwisha, shamba la babu limeanza kukauka, lile wingu limetoka wapi?

Limetoka baharini. Nami nitawaeleza kwa njia ya safari, kwa sababu mimi na rafiki yangu tuliizunguka milima hiyo kwa pikipiki, kisha tukayafuata maji yake mpaka pwani, na huko tukaukuta upepo uleule unaoleta wingu ukifanya kazi nyingine.

Pikipiki ilikuwa moja, Boxer, ile mnayoiona kila kijiwe cha bodaboda. Rafiki yangu aliendesha, mimi nilikaa nyuma. Ubavuni tulifunga ubao kwa mpira wa tyubu kuukuu. Fundi seremala wa mjini alituchongea ubao huo kwa mbao ya mwembe, mti ambao wavuvi wa pwani huchongea mitumbwi. Urefu ulinifika kifuani. Pua ameichonga ikainuka kidogo, ili isizame ndani ya maji, na kingo amezipiga msasa mpaka mkono ukipita hausikii kitu, maana ukingo mkali hukata mbavu. Kila tuliposimama watu waliugusa kwanza, wakauliza baadaye.

Tulianza upande wa magharibi. Unatoka mjini kwa barabara ya Iringa, unakunja Sangasanga, unapita Mzumbe, halafu barabara inaanza kupanda kwenda Mgeta. Kule ni baridi. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi ubavuni mwa mlima, kabichi, karoti, viazi na njegere, na mengi ya hayo huliwa Dar es Salaam na watu wasiojua yamelimwa wapi. Sokoni Nyandira watoto walituzunguka.

“Shikamooni.”

“Marahaba, hamjambo?”

“Hatujambo. Anko, huo ubao wa nini?”

“Wa kupandia mawimbi ya bahari,” rafiki yangu akawajibu.

Mvulana mmoja aliyebeba kapu la plamu akafikiri sana, kisha akauliza swali ambalo watu wazima wengi hawaliulizi: “Kama mawimbi yanakuja nchi kavu mchana na usiku, kwa nini maji hayaishi huko katikati ya bahari?”

Nilifurahi mno. Nikaomba kamba ya kufungia magunia, nikampa ncha moja aishike, mimi nikaishika ya pili na kuitikisa. Nundu ikatembea juu ya kamba kutoka kwangu mpaka kwake. “Kamba imekuja kwako?” Hapana, kamba iko palepale. Kilichosafiri ni mtikisiko. Na mawimbi ni hivyohivyo. Upepo unasugua uso wa bahari mbali huko, maji yanapokea nguvu, na nguvu hiyo inasafiri mamia ya kilomita, huku kila tone la maji likizunguka tu mahali pake, linapanda, linakwenda mbele kidogo, linashuka, linarudi. Karibu na ufuko kina kinapungua. Chini ya wimbi panakwama kwenye mchanga na kupunguza mwendo, juu panaendelea, na kina kikishakaribia kimo cha wimbi lenyewe, wimbi linainama na kuvunjika. Mwenye ubao anatakiwa awe mbele ya wimbi kabla halijavunjika, aanze kupiga maji kwa mikono, kisha ateremke ule mwinuko.

“Kumbe ni kushuka mlima,” yule mvulana akasema. Ndiyo, ni kushuka mlima, isipokuwa mlima wenyewe nao unatembea.

Kushuka kwa pikipiki nako kuna elimu yake, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu baadhi yenu mtakuja kuendesha. Waendeshaji wengine wakifika kilele huzima injini na kuiachia pikipiki iserereke, ili kuokoa mafuta. Msiige. Injini ikiwa inaunguruma katika gia ndogo inaizuia pikipiki isikimbie, na breki inapumzika. Ukizima, mzigo wote unaiangukia breki, na breki ikishikwa mfululizo kwenye mteremko mrefu inapata moto, inalegea, na siku hiyo kona ya mbele itakuwa na changarawe. Rafiki yangu alishuka kutoka Nyandira kwa gia namba mbili, taratibu. Nami nyuma nilikuwa na kazi moja: yeye akiinama kwenye kona niiname naye. Abiria anayejinyoosha kwa hofu anaivuta pikipiki nje ya njia. Kofia ngumu tulivaa wote wawili, na mikanda tuliifunga kidevuni.

Tukarudi mjini, tukaenda upande wa pili, Bigwa, Kiroka, Mkuyuni, kisha tukapanda Kinole. Hapo ndipo utakapoliona jibu la wingu kwa macho yako. Kuanzia Aprili hadi Septemba upepo wa kusi unavuma kutoka Bahari ya Hindi, umebeba unyevu. Unapita tambarare za Pwani bila kuzuiwa, unaikuta Uluguru imekingama, na hauna pa kwenda ila juu. Hewa ikipanda inapoa, kwa digrii 6 hivi kwa kila mita 1,000. Hewa iliyopoa haiwezi kubeba unyevu wote, inautua, na huko kutua ndiko wingu na mvua. Miteremko ya mashariki iliyo juu hupata karibu milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Morogoro mjini, nyuma ya mlima, haifiki hata 1,000, kwa sababu hewa ikivuka huwa imeshamwaga mzigo wake.

Kwa hiyo Kinole migomba imekaribiana mpaka barabara ina kiza mchana, na chini ya migomba kuna iliki, na juu ya miti ya kivuli inapanda pilipili manga. Udongo ni mwekundu na unateleza. Mahali pengi nilishuka nikasukuma. Juu zaidi ni msitu wa hifadhi, na ndani yake yumo chozi mmoja mwenye kifua cha rangi ya moto ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Uluguru. Msitu ule ukikatwa, ndege huyo hana nchi nyingine ya kuhamia. Namwombea kila mtoto anayesoma haya amwone akiwa hai.

Si sisi wa kwanza kupita chini ya mvua hizo wawili wawili. Mwezi wa Juni mwaka 1857, Waingereza Burton na Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, wakitafuta maziwa makuu. Majina yao yamo vitabuni. Mimi nataka mlijue jina la Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao. Alikamatwa akiwa mdogo, akauzwa utumwani, akapelekwa India, akapata uhuru bwana wake alipofariki, akarudi Afrika Mashariki na kuwa askari. Alipoajiriwa kwenye msafara ule alimwingiza na mwenzake Mabruki, Myao mwenziwe, akimwita ndugu yake. Wakapandisha bonde la Ruvu mpaka Zungomero, miguuni mwa Uluguru upande wa kusini-mashariki, ambako Waingereza wote wawili walifika wakiwa wanaumwa homa. Kutoka hapo wakafuata mto Mgeta kwenda bara. Wengi wao walitembea kwa miguu, nasi tulikuwa na Boxer.

Mwaka 1871 Bombay na Mabruki walikuwa pamoja tena, safari hii na mpelelezi Stanley, na Bombay akiwa mkuu wa askari. Walipita kando ya Morogoro ya leo, palipokuwa na mji wenye boma la mawe uliojengwa na Kisabengo na wakati huo ukitawaliwa na binti yake. Lakini Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi, masika yakianza. Walipofika bonde la Makata, kati ya Morogoro na Kilosa, walikuta maji yametanda, wakapita kwenye tope na maji siku baada ya siku, na punda wengi wakafa. Misafara mingi ya zamani ilipanga safari kwa majira. Aliyeondoka Juni alikuwa na njia kavu zaidi kuliko aliyeondoka Machi. Bombay alizunguka na wapelelezi hawa kwa karibu miaka 20, na Shirika la Kifalme la Jiografia la Uingereza likamtunuku nishani ya fedha.

Basi tukafuata maji. Mto Mgeta, mto Ngerengere unaopokea vijito vya Morogoro mjini, na mito ya mashariki, yote mwisho wake ni Ruvu. Ruvu ndio unaonywesha Dar es Salaam, kwa mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mtoto wa Temeke akifungua bomba, anakunywa mvua iliyonyesha Kinole. Tulivuka daraja la Ruvu, tukakunja Mlandizi, tukatokea Bagamoyo, ambapo mto unaingia baharini kaskazini ya mji, katikati ya mikoko.

Na Bagamoyo mawimbi hayakuwepo ya kupanda! Yalikuwa mafupi, ya kuoshea miguu. Rafiki yangu alinyong'onyea. Lakini tazama ramani: mbele ya Bagamoyo imekaa Unguja, na nguvu ya bahari kuu inaishia upande wa pili wa kisiwa, kwenye miamba ya Paje na Jambiani. Tukapanda tena pikipiki, tukapita Dar es Salaam, tukavuka Daraja la Nyerere kwenda Kigamboni, na kusini ya hapo upande wa mashariki uko wazi. Hapo upepo wa kusi ulikuwa ukitupiga usoni, na mawimbi yakija kwa safu.

Tulisubiri maji yajae. Wavuvi walituambia tumefika siku za bamvua, wakati mwezi ni mpevu au mwandamo, ambapo maji hujaa sana na kutoka sana. Katika maji mafu tofauti ni ndogo. Walituonyesha pia sehemu ambayo uso wa bahari umetulia na hakuna mapovu, wakatukataza kuingia. Pazuri kwa macho, lakini ndipo maji yaliyoletwa ufukoni yanaporudi kwa kasi. Mkondo huo ukikuchukua usipambane nao kuelekea nchi kavu, utachoka. Ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke ndani yake, ndipo urudi. Na mtoto asiingie peke yake, hata akiwa hodari.

Mara nyingi wimbi lilinipita, mara nyingine likanigeuza kichwa chini na mchanga ukanijaa masikioni. Kisha moja likanishika. Nililala kifudifudi juu ya mbao ya mwembe, nikasikia mkia unainuliwa, pua inashuka, halafu mwendo, bila injini, na rafiki yangu akipiga kelele kutoka ufukoni kana kwamba Simba wamefunga bao.

Sasa tunapanga Malindi. Tutapita Tanga, tutavuka mpaka Horohoro, tutapanda kivuko cha Likoni, tutashika barabara ya Kilifi. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imekingwa na matumbawe, ambayo huyavunja mawimbi mbali na ufuko. Lakini tumbawe linataka maji safi yenye chumvi, na karibu na Malindi unaingia mto Sabaki, umebeba tope na maji baridi kutoka nyanda za juu zilizo karibu na Nairobi. Palipo na tope hilo matumbawe hayakui vizuri, ukuta unakuwa na mwanya, na kati ya Juni na Agosti mawimbi ya kusi huupita na kufika mpaka ghuba ya mji. Ubao tumeshaupaka mafuta ya kitani. Kilichobaki ni tairi jipya la nyuma.