Fahamu: Miaka ya mwisho ya Jaramogi Oginga Odinga kama kiongozi wa upinzani Kenya

Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, alifariki Januari 20, 1994 akiwa kiongozi rasmi wa upinzani bungeni.

Alifikaje hapo?

Mwaka 1966 alijiuzulu umakamu, akaanzisha chama cha KPU na kuongoza upinzani bungeni. KPU ilipigwa marufuku 1969, naye akawekwa kizuizini.

Mfumo wa vyama vingi uliporejea, chama cha upinzani cha FORD kiligawanyika kuwa Ford-Kenya na Ford-Asili. Katika uchaguzi wa Desemba 29, 1992, Jaramogi wa Ford-Kenya alikuwa wa nne kwa asilimia 17 hivi ya kura, nyuma ya Rais Moi wa KANU na wapinzani wenzake Matiba na Kibaki. Lakini bungeni Ford-Kenya na Ford-Asili vilipata viti 31 kila kimoja, na hatimaye wadhifa wa kiongozi rasmi wa upinzani ukamwangukia Jaramogi.

Kwa nini mwaka 1993 una utata?

Jaramogi, mzee aliyekwisha kutimiza miaka 80, alianza kushirikiana na KANU, chama tawala alichokipinga kwa miaka mingi. Kisha akakiri kupokea shilingi milioni 2 kutoka kwa Kamlesh Pattni, mhusika mkuu wa kashfa ya ufisadi ya Goldenberg, akisema ulikuwa mchango. Kwa upinzani uliojinadi kupiga vita ufisadi, maelezo hayo hayakutosha. Viongozi wenzake wa Ford-Kenya, Paul Muite na Gitobu Imanyara, walijitoa katika uongozi wa chama.

Nini kilifuata?

Baada ya kifo cha Jaramogi, Michael Kijana Wamalwa alirithi uongozi wa Ford-Kenya. Raila Odinga, mwana wa Jaramogi, alishindana naye, akashindwa, na mwishoni mwa 1996 akahamia chama cha NDP.