Siku za Porini na Ahadi ya Nyati

Oktoba 1876, karibu na Kasongo, mpelelezi Henry Morton Stanley alipatana na mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, amsindikize kaskazini. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, bei ilikuwa dola 5,000 kwa vituo 60, kila kituo mwendo wa saa 4. Novemba wakatoka Nyangwe wakaingia msituni: matope, giza la miti, ndui. Hazikupita wiki nyingi, Tippu Tip akataka kurudi. Ikabidi wapatane upya, vituo 20 kwa dola 2,600, na mwishoni mwa Desemba wakaagana. Katika Maisha, kitabu alichosimulia habari zake mwenyewe, Tippu Tip analalamika kwamba Stanley hakutimiza ahadi.

Hawakwenda kuwinda, lakini ugomvi wa mgeni na mwindaji bingwa hufuata njia hiyohiyo. Mgeni anaamini amenunua nyati. Karatasi ya mkataba inasema amenunua siku 10 porini. Kwa hiyo, kabla ya kudai chochote, jiulize nani kakuangusha. Majani yakiwa marefu, mvua ikiwahi, upepo ukigeuka, hapo ni pori, na pori halirudishi fedha. Lakini gari lililokufa siku nne, mfuatiliaji nyayo asiyekuwepo, wageni wawili waliouziwa mnyama mmoja wa mgao: hayo ni ya mwenyeji, na unayo haki ya kudai. Yaseme siku ya pili au ya tatu, kambini, yaandikwe na pande zote mbili zitie saini. Malalamiko yanayoanzia uwanja wa ndege huwa yamechelewa, kwa sababu hakuna tena siku ya kufidia.

Na kuna anayekunyima risasi kwa heshima ya kazi yake. Tanzania, simba dume anayeruhusiwa kuwindwa ni wa miaka 6 au zaidi; bingwa akikuambia ushushe bunduki mbele ya simba kijana wa miaka 3, usimnung'unikie. Mshukuru.

Kwa Kabambare, huko Maniema nchini Kongo, nina hofu nyingine. Ramani zinaonyesha eneo la uwindaji lenye jina la mto Luama, na mtu wa mbali hudhani safari zinauzwa huko kama kawaida. Omba kwanza uone kibali kinachotakiwa na sheria ya uwindaji ya Kongo ya 28 Mei 1982. Muuzaji akikutajia sokwe, usitume hata malipo ya awali: mnyama huyo amelindwa kabisa.