Fahamu: Vipele vikavu vya watoto na baridi ya Njombe

Juni na Julai, baridi ya Kifanya, mkoani Njombe, hukausha ngozi. Watoto wengi huota vipele vidogo vigumu nyuma ya mikono, mapajani, hata mashavuni. Ukipapasa, ngozi inakwaruza kama msasa.

Mara nyingi hali hiyo ni keratosisi pilarisi. Keratini, protini ya ngozi, huziba vinyweleo. Si uchafu, haiambukizi, na hurithiwa katika familia. Wengi hupata nafuu wanapokua. Basi tusimkaripie mtoto eti haogi vizuri!

Kumsugua kwa dodoki au jiwe huzidisha wekundu. Aoge kwa muda mfupi, maji yawe ya uvuguvugu. Najua katika baridi ile maji ya moto yanavutia, lakini huondoa mafuta ya asili ya ngozi. Tumia sabuni isiyo kali, mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, kisha mpake mafuta ya mgando mara moja, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Rudia kila siku. Krimu yenye urea husaidia kulainisha, ila muulize kwanza mfamasia kiwango kinachomfaa mtoto.

Kama anajikuna sana usiku na wengine nyumbani wanawashwa, huenda ni ugonjwa wa upele, ambao huambukiza na una dawa yake. Ngozi ikipasuka au kutoa usaha, mpeleke kituo cha afya.

Na tafadhali, mzazi, usimpake mtoto krimu za kung'arisha ngozi: nyingine zina steroidi kali au zebaki.