Dawa zinazonasa ujumbe wa jeni: Zinafanyaje kazi, na zinamhusu vipi mkazi wa Nairobi?

Ramani ya jengo ikishaidhinishwa City Hall, faili kuu haiondoki masjala. Kinachotoka ni nakala, na nakala hiyo ndiyo fundi anayoifuata akiwa mjengoni Kangemi au Kawangware. Kosa likiwa ndani ya faili, kila nakala hutoka na kosa hilo, na ukuta hujengwa vibaya hata fundi awe hodari vipi.

Mwili hufanya kazi kwa njia inayokaribiana na hiyo. Faili kuu ni DNA, iliyohifadhiwa katika kiini cha seli. Nakala inayopelekwa kwa mafundi huitwa RNA. Mafundi wa seli huisoma RNA na kutengeneza protini, ambazo ndizo hujenga misuli, damu na viungo vyote. Dawa nyingi tunazozijua hupambana na protini baada ya kutengenezwa. Lakini lipo kundi la dawa linaloingilia mapema zaidi, pale kwenye nakala. Wanasayansi huziita oligonukleotidi za antisensi.

Jina ni refu ila wazo ni rahisi. Dawa hiyo ni kipande kifupi cha herufi za jeni, mara nyingi kama 20 hivi, kilichopangwa kinyume cha herufi za nakala inayolengwa. Vikikutana vinashikana kama pande mbili za zipu. Baada ya hapo, moja kati ya mambo mawili hutokea: kimeng'enya cha seli huikata nakala ile isisomwe tena, au dawa hufunika sehemu fulani ili nakala ipangwe upya kwa njia inayofaa. Faili kuu, yaani DNA, haiguswi. Kwa hivyo si kweli kwamba dawa hizi hubadilisha jeni za mtu.

Zilikotoka

Mwaka wa 1978, Paul Zamecnik na Mary Stephenson wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani walionyesha katika maabara kwamba kipande kama hicho kinaweza kuzuia virusi kuzaana. Ilichukua miaka 20 kabla ya dawa ya kwanza, fomivirsen, kuidhinishwa Marekani mwaka wa 1998. Ilidungwa ndani ya jicho la wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa wakipofuka kwa sababu ya virusi vya CMV. Hata hivyo, dawa za ARV zilipoanza kurejesha kinga ya wagonjwa, upofu huo ulipungua na fomivirsen ikaondolewa sokoni.

Dawa iliyolipa kundi hili umaarufu ni nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2016. Hutibu SMA, ugonjwa wa kurithi unaoua neva zinazoendesha misuli. Mtoto mwenye SMA hana jeni ya SMN1 inayofanya kazi. Anayo jeni ya akiba, SMN2, lakini nakala zake nyingi hutoka zikiwa zimeruka ukurasa mmoja muhimu. Nusinersen huurudisha ukurasa huo. Hudungwa kwenye majimaji yanayozunguka uti wa mgongo, mara nne katika miezi ya kwanza, kisha kila baada ya miezi minne. Watoto walioanza kuitumia mapema, hasa kabla ya dalili kujitokeza, wamefaidika zaidi, kwa sababu neva iliyokufa hairudi.

Si kila jaribio limefaulu. Machi 2021, kampuni ya Roche ilisitisha kutoa dawa ya tominersen katika jaribio kubwa la ugonjwa wa Huntington. Baadhi ya dawa za kundi hili zinaweza pia kudhuru ini au figo, au kupunguza chembe zinazogandisha damu. Ndiyo maana hutolewa na madaktari bingwa, wakifuatilia vipimo.

Homa ya ini aina ya B

Jaribio linaloweza kugusa familia nyingi zaidi hapa kwetu ni la homa ya ini aina ya B. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maambukizi ya kudumu ya ugonjwa huu mwaka wa 2022. Bara la Afrika lilibeba zaidi ya nusu ya maambukizi mapya.

Dawa zinazotumika sasa, kama vile tenofovia, huvidhibiti virusi lakini ni nadra kuviondoa. Dawa ya antisensi iitwayo bepirovirsen hunasa nakala za virusi ndani ya seli za ini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022, wagonjwa walidungwa chini ya ngozi kila wiki kwa wiki 24. Karibu mmoja kati ya kila 10 hakuonyesha tena dalili za virusi katika damu miezi sita baada ya sindano ya mwisho. Ni hatua ya kutia moyo, ingawa tisa kati ya 10 hawakufika hapo.

Suala la bei

Nusinersen ilipoingia sokoni Marekani, bei yake ilikuwa dola 750,000 kwa mwaka wa kwanza. Kwa kiwango cha Sh129 kwa dola, hizo ni karibu Sh97 milioni kwa mtoto mmoja. Hakuna familia ya kawaida inayoweza kumudu.

Lakini Wakenya wameiona hali kama hii. ARV za kampuni kubwa ziliwahi kugharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Mwaka wa 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuyauzia mashirika ya misaada kwa dola 350, na mwaka huo huo Bunge letu likapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua njia ya kuagiza dawa za bei nafuu. Leo ARV hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Bei hazikushuka zenyewe, watu walidai.

Unachoweza kufanya sasa

Mtoto aliyelegea mwili, asiyeweza kuinua shingo akiwa na miezi minne, au anayepumua kwa tumbo huku kilio chake kikiwa dhaifu, apelekwe kituo cha afya bila kungoja kliniki ijayo. Chukua kijitabu cha mama na mtoto. Vituo kama vile vya Westlands na Kangemi vinaweza kukuelekeza kwa hospitali kubwa. Hata pasipo dawa mpya, mazoezi ya viungo na usaidizi wa kupumua na kula hubadilisha maisha ya mtoto.

Hakikisha mtoto wako amepata chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Tangu mwaka wa 2001, chanjo hizo zimejumuisha kinga ya homa ya ini aina ya B. Wewe mtu mzima, omba upimwe. Ukiwa huna virusi, unaweza kuchanjwa. Ukiwa navyo, usiache dawa ulizoandikiwa kwa kusubiri sindano mpya.

Na mtu akikuuzia "dawa ya jeni" ya vidonge au ya kupaka, iwe ni kwenye duka la River Road au kwa simu, usinunue. Dawa tulizoeleza hapa hudungwa, tena na wataalamu. Dawa yoyote unayoitilia shaka, uliza Bodi ya Dawa na Sumu, au mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako.